Mkebe wa Majivu

Karatasi ilikuja nyumbani ndani ya daftari la hisabati, imekunjwa mara nne. Ilisema kila mwanafunzi wa Gredi ya Nane achague mada ya maonyesho ya sayansi, aijaribu nyumbani kwa wiki kadhaa, kisha aiandike pale chini na mzazi atie sahihi. Mistari ya kuandikia mada ilikuwa miwili. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaiweka juu ya kabati la vyombo, nikaisahau. Siku hizo nilikuwa nasahau kila kitu isipokuwa kula, na hata kula nilikuwa nakumbushwa.

Mke wangu alikuwa amefariki Januari. Mshipa wa kichwa ulipasuka akiwa kwenye foleni ya maji, akaanguka pale pale kati ya mitungi, na kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana alikuwa ameshakwenda. Mimi nilikuwa Mtito Andei, chini ya trela, nikichomelea chasi. Huko ndiko nilikofanya kazi miaka kumi na sita, nikitengeneza malori ya barabara ya Mombasa na kuja nyumbani Kalamba mara mbili kwa mwezi na mfuko wa nguo chafu. Baada ya mazishi sikurudi tena. Nilikodi kibanda sokoni, nikaweka mashine yangu, nikaanza kutengeneza mageti na madirisha. Watu walisema najikaza kiume. Sikuwa najikaza. Nilipenda vyuma kwa sababu haviulizi maswali.

Nataka nieleze hali yangu vizuri, maana watu walikuwa wakikosea. Sikuwa na huzuni. Huzuni ningeitambua, nilishawahi kuwa nayo mama yangu alipofariki. Hii ilikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona, unajua ni wako, lakini ukiugusa hauhisi kitu. Nilimzika mke wangu bila chozi. Niliangalia udongo ukiingia, nikawa nawaza kwamba yule jamaa mwenye sepetu anainama vibaya, ataumia mgongo. Hilo ndilo wazo nililokuwa nalo kaburini, na sikumwambia mtu.

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na binti yetu wa miaka kumi na minne. Yeye alipika, mimi nilichota maji, kila mtu aliosha sahani yake. Tulikuwa hatugombani. Nilidhani tunaendelea vizuri.

Jumapili moja tukitoka kanisani akaniuliza kama nimesoma karatasi.

"Karatasi gani?"

"Ya science congress. Iko juu ya kabati wiki mbili sasa."

Nikasema nimeisoma, basi tuchague. Nilikuwa na mawazo matatu tayari, yale ambayo kila mzazi wa Ukambani huwa nayo tayari: mbegu za mlonge za kusafisha maji, makaa ya takataka, na mwarobaini wa kufukuza mbu. Aliyakataa yote kabla hatujafika kwenye lango la kanisa.

"Baba, hizo ziko kila mwaka. Judge akiona mlonge anapita tu."

"Basi tufanye ya umeme. Nitakuonyesha vile mashine ya kuchomelea hu..."

"Hiyo utakuwa umefanya wewe."

Alisema kweli, jambo ambalo liliniudhi kidogo. Tukatembea. Alikuwa ameshika Biblia ya mama yake, ile iliyotoka jalada, ameikumbatia kifuani.

"Nataka kufanya majivu ya mama," akasema.

Hapa lazima nisimulie habari ya majivu. Kwetu ndengu, zile choroko za kijani, ndiyo mazao yanayotulisha na kutuvisha, na adui wa ndengu ni wadudu wadogo wa kahawia wanaozitoboa ghalani. Ukizihifadhi hivi hivi, baada ya miezi mitatu unafungua gunia unakuta unga na matundu. Majirani zetu wote hununua poda ya kuua wadudu ya duka la agroveti, wanachanganya, wanasahau. Lakini kwetu poda ilikuwa marufuku. Ndugu yangu mdogo akiwa mtoto alitafuna mahindi kutoka kwenye gunia lililotiwa dawa siku hiyo hiyo, akatoka povu mdomoni, tukamshika tukijua amekufa. Alipona. Mama yangu alikwenda akasimama mbele ya ikumbi, ghala letu la nafaka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani kwamba akiwa hai dawa ya duka haitaingia humo tena.

Mama alipokufa, kiapo chake kingezikwa naye. Mimi nilikishika kama mtu aliyeachiwa shamba. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwambia mke wangu wazi kuwa katika boma hili chakula hakitiwi sumu, na nilimwambia kwa ile sauti yangu ya kufunga mjadala. Kisha nikarudi Mtito Andei, nikawa nakula maharagwe ya hoteli kila siku mchana bila kuuliza yamehifadhiwa na nini.

Mke wangu hakubisha. Alisema kwao Kitui hutumia majivu. Na kweli, tangu mwaka ule ndengu zetu hazikuwahi kutobolewa. Ungefungua gunia la msimu uliopita ukazikuta zinang'aa kijani chini ya vumbi la kijivu. Akina mama wa kanisa walikuja kujifunza. Aliwapa kila mmoja mkebe wa majivu na maelezo, wakaenda, na baada ya miezi mitatu wakarudi na matundu yao wakilalamika. Aliwaambia hawakuanika vizuri. Wao wakasema mkono wake una baraka. Mchungaji akaitumia habari hiyo kwenye mahubiri, mimi nikaipeleka Mtito Andei nikaitangazia madereva. Mke wangu hatumii sumu, niliwaambia, na walinisikiliza wakitafuna maharagwe yao. Siku ya mazishi, kiongozi wa akina mama alisimama kando ya jeneza akasema marehemu ametuachia majivu, na watu wakaitikia amina.

Kwa hiyo binti yangu aliposema anataka majivu ya mama, sikuona ni jambo la ajabu. Nilisema sawa.

Mwalimu wa sayansi alikuwa dada kijana aliyemaliza chuo juzi, mwenye bidii inayochosha. Aliniita shuleni Alhamisi. Binti yangu alikuwa ameandika mada kwa penseli: Majivu ya Mama Huzuia Wadudu wa Ndengu. Mwalimu akaigeuza karatasi kwangu.

"Mzazi, unaona shida iko wapi? Hii ni jibu. Mimi nataka swali. Ajaribu kwanza, topic tuandike mwisho."

"Lakini ni kweli," binti yangu akasema.

"Kama ni kweli itaonekana."

"Itaonekana," akajibu, na nikamwona amekaza taya kama mama yake. Niliona ukaidi. Mtu aliyekuwa anahisi vitu pengine angeona hofu.

Mwalimu alitaka kujua ni majivu ya mti gani. Hatukujua. Binti yangu alisema mama alikuwa akisema ni ya kwao. Basi likizo fupi ya katikati ya muhula tulikwenda Kitui kwa mama mkwe wangu, mara ya kwanza tangu mazishi.

Sasa, kwetu Wakamba mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, hawali pamoja, wala hawaulizani mambo ya nyumbani. Heshima hiyo tunaiita nthoni, na siku hizi vijana wanaicheka, lakini yule mama ni wa zamani na mimi niliishukuru sana nthoni siku ile. Iliniokoa nisimtazame usoni. Nilisalimia kutoka mbali, nikaketishwa kwenye kiti nje, mgongo wangu ukielekea jikoni, nikaletewa chai na mtoto wa jirani. Swali la majivu nilimtuma binti yangu aingie nalo.

Walikaa muda mrefu. Nilisikia sauti zao lakini si maneno. Mara yule mama akaanza kulia, kilio kile cha chini cha mtu mzima asiyetaka kusikika, nikawa nahesabu mbuzi waliokuwa kwenye kichaka. Walikuwa saba. Binti yangu akatoka na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa majivu.

"Susu amesema nini?" nikamuuliza, maana ndivyo alivyomwita nyanya yake.

"Amesema ni majivu tu."

"Ya mti gani?"

"Kuni ni kuni, amesema."

"Muulize tena. Mwalimu atataka jina."

Alinitazama, kisha akatazama mkebe. "Baba, amechoka. Wacha tu."

Nikawacha. Nilifikiri mzee amesahau, na kwamba mtu aliyepoteza mtoto hasumbuliwi kwa majina ya miti.

Nyumbani alipanga mikebe minne ya plastiki, ile mikubwa ya peremende inayokaa kaunta za maduka, kwenye rafu ya sebuleni. Wa kwanza ulikuwa na ndengu tupu. Wa pili alitia majivu. Wa tatu alichanganya majani makavu ya mwarobaini, na wa nne pilipili iliyosagwa. Jirani alituachia gunia lake lililoharibika tuokote wadudu, akacheka kwamba maisha yake yote hajawahi kuombwa wadudu. Binti yangu akaweka ishirini kila mkebe. Kila Jumamosi angetoa punje mia moja, azichambue kwenye uteo, ahesabu zenye matundu na kuandika.

Nilimwona akifanya hivyo na kwa kweli alikuwa hodari. Alikuwa na mikono isiyoharakisha. Ningeweza kumwambia, na sikumwambia. Nilikuwa nimeketi hapo hapo, na neno lilikuwa halina umbali wa kusafiri, lakini halikutoka.

Wiki ya tatu mkebe wa majivu ulikuwa na matundu karibu sawa na ule mtupu. Aliandika idadi hiyo kwa herufi ndogo sana pembeni mwa ukurasa. Wiki ya nne mambo yakageuka. Katika mkebe mtupu wadudu walikuwa wanatembea juu ya wenzao, pilipili haikuwa imesaidia chochote, mwarobaini ulisaidia kidogo. Lakini mkebe wa majivu ulikuwa kimya. Wadudu wamelala chini, miguu juu.

"Vizuri," nikasema.

"Mm," akasema.

Sikushangaa kwamba hafurahi. Nilidhani ameanza kufanana nami.

Mwalimu alipoliona daftari aliuliza kwa nini idadi imebadilika ghafla. Alisema pengine ni kweli, pengine majivu huchelewa, lakini kabla hajakubali mada anataka mkebe wa tano wenye poda ya duka wa kulinganisha nao. Binti yangu aliniletea habari hiyo asubuhi ya Jumamosi tukinywa chai.

"Nimwambie hukubali?" akauliza. "Si wewe hukubali dawa ya duka? Nimwambie ni mambo ya nyumbani."

"Ni sayansi," nikasema. "Nitanunua mwenyewe leo."

Hivyo ndivyo nilivyovunja kiapo cha mama yangu, kati ya kipande kimoja cha chapati na kingine. Sikuhisi lolote. Binti yangu aliacha kula.

Duka la agroveti liko mlango wa nne kutoka kibanda changu. Nilikuwa nimepita mbele yake kila siku kwa miezi mitano bila kuingia. Mwenye duka ni mama mnene mchangamfu ambaye huwauliza wateja habari za ng'ombe wao kwa majina. Nilimwambia nataka dawa ya kuhifadhi ndengu, pakiti ndogo.

"Ya kawaida? Ile ya mama?"

"Mama gani?"

"Si ni mke wako, Mungu amrehemu." Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye rafu, akasita. "Lakini msichana wako alichukua wiki mbili zilizopita. Imeisha? Hiyo moja inatosha magunia mawili, musiiweke nyingi."

Aliniangalia usoni, na nikaona uso wake ukibadilika kidogo kidogo.

"Kumbe hukuwa unajua. Pole, baba. Mimi nilidhani ni kitu ya nyumba yenu. Mama yake alikuwa anakuja kila baada ya mavuno, anaiweka kwa mfuko wa unga, ananiambia, mama, hii ni yetu sisi wawili."

"Miaka mingapi?"

"Tangu nifungue. Pole."

Alinipa pakiti na nikaipokea kwa mikono miwili kama mgeni aliyepewa zawadi. Nje niliketi kwenye geti nililokuwa nimelianza jana. Nilijaribu kukasirika. Nilikuwa na haki ya kukasirika: mke wangu amenidanganya maisha yetu yote ya ndoa, mimi na mchungaji na kanisa zima, na binti yangu ameanza mahali alipoachia mama yake. Nilitafuta hasira nikaikosa. Nilichopata ni swali tu, na swali hilo lilikuwa na uzito. Nilifunga kibanda kabla ya saa sita, nikaenda nyumbani.

Alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, uteo mapajani, anachambua punje mia za mkebe wa pili. Niliweka pakiti juu ya uteo, katikati ya ndengu. Hakuinua kichwa.

"Uliiweka lini?" nikauliza.

"Jumamosi ya wiki ya tatu. Nilihesabu nikaona majivu yameshindwa."

"Ulijua mama yako alikuwa anatumia?"

"Akikosa nafasi nilikuwa natumwa mimi, tangu nikiwa Gredi ya Tatu. Tulikuwa tunachanganya na majivu ndio isionekane." Akavuta pua. "Na Susu aliniambia kule Kitui. Alisema wao hawajawahi kuweka majivu kwa ndengu. Wanaweka kwa mahindi tu. Alilia kwa sababu watu wa kanisa walimsifu hiyo kitu kwa mazishi na haikuwa kweli."

"Sasa ukichagua hiyo topic ulitaka nini?"

"Nilitaka iwe kweli."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Alisema alifikiri pengine majivu peke yake yangeweza, kwa sababu mama hakuwahi kuyajaribu peke yake, aliogopa kuharibu mavuno. Kama yangeweza, basi mama hangekuwa amedanganya, angekuwa tu amesema ukweli kabla ya wakati. Kila Jumamosi alikuwa akiomba kabla ya kuhesabu. Kisha majivu yakashindwa.

Nilivuta kigoda kingine, nikaketi. Jua lilikuwa kali na sikujali.

"Kwa nini hakuniambia? Mimi si simba."

"Ungenyamaza," akasema.

"Nini?"

"Wewe ukikasirika hupigi mtu, hupigi kelele. Unanyamaza. Mama alisema afadhali upige kelele. Alikuwa anaweka alama kwa kalenda. Ile Krismasi alipea pastor jogoo wako ulinyamaza siku tisa. Ulikuja leave, ukakaa, ukaenda, hujaongea."

Nilimkumbuka yule jogoo. Nilikumbuka pia kwamba nilidhani nimeonyesha uvumilivu mkubwa. Sikujua kuna kalenda.

"Basi ndio akasema poda ni kitu kidogo, haina haja nyumba inyamaze," akaendelea. Sasa vidole vyake vilikuwa vinachambua tena, haraka, bila kuangalia, vikichanganya nzima na mbovu. "Hata hii ya sasa nimekuwa nikihesabu. Hii ndio refu. Miezi mitano."

"Hii gani?"

"Hii ya tangu mazishi. Najua ni mimi umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa nini?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Kwa sababu ile Jumamosi ya maji ilikuwa zamu yangu. Nilimwambia mama naumwa na tumbo. Nilikuwa siumwi. Nilikuwa nasoma tu kitabu. Akachukua mtungi akaenda yeye."

Nilihisi. Ninaliandika neno hilo hivyo hivyo kwa sababu sina jingine. Ulikuwa uchungu mtupu, na nilishtuka kwamba uchungu una nguvu kiasi hicho baada ya miezi mitano ya kutohisi hata moto wa mashine.

"Sikiza," nikamwambia. "Daktari aliniita kando siku ile, pale mochari. Alisema ule mshipa ulikuwa mbovu miaka mingi. Alisema ungepasuka hata akiwa amelala kitandani. Si maji. Si mtungi. Si wewe."

"Daktari alisema?"

"Alisema."

"Lini?"

"Siku ile ile. Januari."

Niliona midomo yake ikihesabu: Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni.

"Ulikuwa unajua tangu Januari," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningemshukuru kama angesema kwa hasira. Nilikuwa nimetembea na maneno yale mfukoni muda wote huo, maneno ambayo yangemtoa mtoto wangu kwenye moto, na sikuyatoa kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na kwa sababu sikuwa nahisi kitu nikadhani na wengine hawahisi. Nililia pale uani. Nililia vibaya, kwa sauti, mpaka jirani wa wadudu akachungulia juu ya ua na kurudi haraka. Binti yangu hakulia. Aliweka uteo chini, akaja akasimama kando yangu, mkono wake juu ya bega langu, hajui aukaze au auondoe.

"Sikuwa nimekasirika," nilimwambia nilipoweza. "Hata siku moja. Nilikuwa nimekufa ganzi tu. Ningekwambia. Nilipaswa kukwambia."

"Sawa, Baba."

"Si sawa."

"Si sawa," akakubali.

Baadaye tulimwaga mkebe wa pili kwenye shimo la takataka, majivu, poda, ndengu na wafu wake wote, tukanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Alileta karatasi ya shule. Penseli ilikuwa imefutwa, mistari miwili ilikuwa mitupu tena, na Jumatatu ndiyo ilikuwa mwisho.

"Nikiandika ukweli wale mama wa kanisa watajua," akasema. "Watasema mama alikuwa mwongo."

"Waambie alidanganya kwa sababu yangu. Andika hivyo kwa ripoti yako kama mwalimu atakubali. Kama hatakubali, nitasimama kanisani nitasema mwenyewe."

"Wewe? Usimame uongee?"

Nilimwelewa alivyotilia shaka. Akainama akaandika, safari hii kwa kalamu ya wino: Je, Majivu Pekee Yanaweza Kuhifadhi Ndengu? Mstari wa pili ukabaki. Alisema ataanza upya na mikebe mipya, na wiki zile tatu za kwanza zimo daftarini, hazina uongo. Nikatia sahihi.

Kisha akaingia jikoni kuteleka ugali, na kwa mazoea nikaelekea kwenye kiti changu cha nje. Nilisimama njiani. Niligeuka nikaenda nikaketi jikoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kuongea. Nilimweleza lori moja la Mtito Andei lililokuja limekatika katikati, na dereva aliyekuwa akilala na viatu. Nilimweleza siku niliyomwona mama yake mara ya kwanza, akigombana na mwenye mizani kwa sababu ya ndengu zake. Alikoroga bila kugeuka, lakini alikuwa amepunguza moto. Nilipoishiwa na maneno niliogopa, nikachukua pakiti ya unga iliyokuwa mezani, nikamsomea kilichoandikwa nyuma, uzito, tarehe na namna ya kuhifadhi, mpaka ugali ukaiva.